Mwongozo kamili kwa marubani wa mashirika ya Marekani: ukipigwa faloo, linda namba yako kwanza

Barua ya faloo ikifika, yaani unawekwa nje ya kazi bila mshahara ila jina lako linabaki kwenye orodha, wengi wanaanza kuhesabu miezi. Nina akiba ya miezi mingapi, mke anaingiza shilingapi, gari tuliuze au tulibakize. Hesabu hiyo lazima ifanyike na siidharau hata kidogo. Ila hela ya miezi hiyo ndo sehemu ndogo ya hasara, kubwa iko mwisho wa kazi yako, ile miaka ya mwisho kabla ya kustaafu ukiwa na 65 ambapo ungekuwa kapteni wa ndege kubwa unalipwa kiwango cha juu kabisa, na kinachoamua kama utafika huko na lini ni maamuzi utakayofanya ndani ya hizi wiki chache ukiwa umechanganyikiwa na una hasira. Ndo maana naandika kwa urefu.

Hapa naongelea mfumo wa Marekani, ambako karibu kila kitu cha rubani kinaenda kwa namba ya sinioriti, yaani ukongwe wako kwenye orodha ya marubani: ndege utakayorusha, kiti cha kulia (msaidizi) au kushoto (kapteni), kituo, ratiba, likizo, nani anatolewa kwanza na nani anarudi kwanza. Wa mwisho kuingia ndo wa kwanza kutoka, na kurudi kunaanzia kwa mkongwe kati ya waliotolewa. Namba hiyo haihami na wewe. Ukihamia shirika jingine unaanza chini kabisa hata kama una masaa 15,000.

Hatua ya 1: tenganisha saa mbili

Hapa ndo watu wanachanganya sana. Una saa mbili za kuhesabu muda wako zinazotembea, na kila moja ina sheria zake.

Ya kwanza ni sinioriti, nafasi yako kwenye orodha. Kwa mikataba mingi ukipigwa faloo nafasi hiyo haipotei, na wakongwe wakistaafu wewe unapanda hata ukiwa nyumbani. Ya pili ni miaka ya mshahara, ile ngazi inayosema unalipwa kama rubani wa mwaka wa 3 au wa 7. Kwenye mashirika mengi makubwa ngazi zinaishia mwaka wa 12, ukifika hapo hupandi tena kwa miaka, unapanda kwa kubadilisha ndege au kiti tu. Na mikataba mingi saa hii ya pili inaisimamisha siku unayotoka, mingine inaiacha itembee, mingine inaiacha itembee kwa muda fulani halafu inasimama.

Kwa hiyo mtu akikuambia "usijali, sinioriti yako iko salama" muulize palepale, na miaka ya mshahara je?

Tuweke namba za mfano. Tuseme rubani msaidizi wa ngazi ya 3 analipwa dola 180 kwa saa, kila ngazi inaongeza dola 10, na kwa mwaka analipwa masaa 900. Amekaa nje miaka 2 na saa ya mshahara ilisimama. Anarudi ngazi ya 3 wakati angekuwa ya 5, kwa hiyo yuko nyuma dola 20 kila saa, sawa na dola 18,000 kwa mwaka, na tofauti hiyo haiishi mwaka huo, inamfuata miaka 8 mfululizo, ule wa tisa inapungua kuwa dola 9,000, ndo anafika ngazi ya 12 na kuwa sawa na wenzake. Jumla dola 153,000. Ongeza mchango wa kustaafu ambao kampuni inaweka kama asilimia ya mshahara, tuseme asilimia 17, hiyo ni 26,000 nyingine ambayo ingekaa inazaa miaka 20 na zaidi. Na hapo sijagusa mshahara wa ile miaka 2 yenyewe.

Sasa linganisha na saa ya kwanza. Tuseme kapteni wa ngazi ya 12 analipwa dola 380 na msaidizi wa ngazi hiyohiyo 270. Tofauti ni dola 110, mara masaa 900, ni dola 99,000 kwa mwaka. Ukichelewa kupanda ukapteni kwa miaka 4 kwa sababu ulipoteza namba, ni karibu dola 400,000. Unaona uzito uko wapi. Miaka ya mshahara ikisimama inauma, namba ikipotea inauma zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza linda namba, pili pigania miaka ya mshahara, tatu ndo hela ya sasa hivi. Kuna hali ambapo mpangilio huu unageuka, nitafika huko.

Hatua ya 2: soma mkataba wako, sio wa rafiki yako

Tafuta kifungu cha faloo na kuitwa kurudi, kifungu cha sinioriti, na barua zote za makubaliano zilizoongezwa baadaye, maana mara nyingi mambo mazito yako kwenye hizo barua na sio kwenye mkataba wenyewe. Unatafuta majibu ya haya: haki ya kuitwa kurudi inadumu miaka mingapi au haina kikomo, ukipokea wito una siku ngapi za kujibu na ngapi za kuripoti, unaruhusiwa kuruka zamu (kumwacha wa chini yako arudi kwanza) au la, miaka ya mshahara inatembea au imesimama, kuna malipo ya kuagwa kiasi gani, bima ya afya inaisha lini, na kama bado uko kwenye mwaka wa majaribio saa yake inasimama au vipi. Walioko kwenye majaribio wasome mara mbili kwa sababu mikataba mingine inawapa haki chache.

Usipoelewa, piga simu kwa mwakilishi wa chama chako cha marubani, na jibu lake muombe kwa maandishi, barua pepe tu inatosha.

Angalia pia notisi. Sheria ya WARN inataka kampuni kubwa itoe notisi ya siku 60 kabla ya kutoa watu wengi, na mwaka 2020, wakati wa korona, barua hizo zilipelekwa kwa watu wengi kuliko waliotolewa mwishowe. Kupata notisi sio kutolewa. Usikimbilie kusaini kitu siku ya tatu.

Hatua ya 3: kama kuna likizo ya hiari, piga hesabu kulingana na ngazi yako

Kabla ya kutoa watu kwa nguvu, kampuni mara nyingi inafungua likizo ndefu za hiari, nyingine bila malipo, nyingine na malipo kidogo, na inaweka vifurushi vya kustaafu mapema. Mwaka 2020 Delta peke yake marubani karibu 1,800 walichukua kifurushi cha kustaafu mapema. Kila mkongwe anayeondoka kwa hiari anaokoa kijana mmoja chini, na huyo kijana ana familia pia.

Ukiwa tayari uko ngazi ya 12, saa ya mshahara kusimama haikuumizi, hakuna ngazi nyingine ya kupanda. Unachopoteza ni mshahara wenyewe na mchango wa kustaafu wa kipindi hicho. Kwa hiyo kapteni mwenye miaka 18 kazini ana uwezo wa kuchukua mwaka mmoja wa likizo kwa gharama nafuu kuliko mtu yeyote kwenye orodha, na ningependa wengi zaidi walijue hili.

Ukiwa ngazi ya 3 hesabu ni nyingine kabisa, ni ile ya dola 153,000. Lakini kama uko chini sana kwenye orodha na ni wazi utatolewa tu, ya hiari inaweza kuwa na masharti mazuri, bima inaendelea, tarehe ya kurudi inajulikana. Tatizo ni kwamba ukijitoa kwa hiari unaweza kukosa malipo ya kuagwa na mafao ya ukosefu wa ajira ya jimbo lako, kwa sababu wewe ndo uliomba. Weka karatasi mbili mezani, hiari na lazima, andika kila kitu unachopata na unachokosa, ndo uamue.

Neno kidogo kwa wale wanaopiga kura kupunguza masaa ili watu wasitolewe. Septemba 2020 marubani wa United walikubali kupunguziwa masaa na karibu watu 2,850 wakabaki kazini, na Delta nao baadaye mwaka huohuo walikubaliana na watu zaidi ya 1,700 wakaokolewa. Shirika la American lilitoa marubani 1,600 tarehe 1 Oktoba 2020, siku moja baada ya ulinzi wa CARES, sheria ya msaada wa korona, kuisha, halafu msaada wa pili wa mishahara ulipopita Desemba wakarudishwa kwenye malipo. Ukipunguziwa masaa kwa muda, saa zako zote mbili zinaendelea kutembea. Kwa kijana wa chini hiyo ni bora kuliko faloo karibu kila mara.

Na usidhani anayebaki kazini hajaguswa. Watu wa chini wakitoka, kapteni anashushwa kuwa msaidizi, wa ndege kubwa anarudishwa ndogo, aliyekuwa na ratiba anarudi standbai. Hao nao wanapoteza hela bila barua yoyote ya faloo.

Hatua ya 4: kutafuta kazi nyingine bila kuua namba

Utahitaji kazi, na utakuta shirika dogo linakutaka kesho asubuhi. Kabla ya kusaini uliza swali moja: mnataka nijiuzulu namba yangu kule? Yapo mashirika yanayofanya hivyo, kwa sababu hayataki kukufundisha kwa gharama halafu uitwe kurudi baada ya miezi sita. Ukisaini barua ya kujiuzulu imeisha, hakuna rufaa, hakuna huruma, namba inayofuata yako inasogea juu na wewe hupo tena.

Ushauri wangu: kama shirika lako la mwanzo lina afya, usisaini hiyo barua kwa kazi ya shirika dogo hata kama hela ni nzuri leo. Tafuta kazi isiyohitaji hiyo, ndege za kukodi, mizigo, kufundisha kwenye simuleta, kazi ya nje ya nchi ya mkataba mfupi. Uliza pia kama chama chako kimepata makubaliano ya nafasi kwenye mashirika ya kikanda. Miaka ya mwanzo ya 2000 marubani wa US Airways waliotolewa walipewa nafasi kwenye mashirika madogo washirika kwa mpango kama huo, na namba zao za juu zikabaki.

Jeshi la akiba ni njia nyingine ambayo watu wanaisahau. Sheria ya USERRA ya 1994 inasema anayekwenda kutumika jeshini anarudi pale ambapo angekuwa kama asingeondoka, sinioriti na ngazi ya mshahara vyote, kwa jumla ya hadi miaka 5 ya utumishi, na inamlinda hata aliye nje ya kazi mwenye haki ya kuitwa kurudi. Angalizo, haikupi zaidi ya ambacho ungepata: kama wenzako wote wa namba yako bado wako nje na saa yao ya mshahara imesimama, na wewe hivyohivyo.

Hatua ya 5: lini kuachia namba ni sahihi

Namba ina thamani ya shirika lenyewe. Eastern na Pan Am zilifungwa 1991, ATA na Aloha zikafungwa 2008, na waliokuwa namba ya 1 pale walienda kuanza chini kwingine sawa na aliyeajiriwa mwezi uliopita. Kwa hiyo kama shirika lako linaenda mahakamani kwa muflisi mara ya pili, linarudisha ndege kwa wenye nazo, linatoa marubani mara mbili ndani ya miaka miwili, usiishike namba kama vile ni kiwanja chenye hati.

Swali la kujiuliza sio "nitakuwa wapi mwaka kesho", ni "nikiwa na miaka 55 nitakuwa asilimia ngapi kutoka juu, hapa na pale". Chukua orodha ya sinioriti ya shirika lako, hesabu wangapi juu yako wanafika 65 kila mwaka mpaka ufike hiyo 55. Fanya hivyohivyo kwa shirika linalokutaka. Shirika lenye wastaafu wengi linakupandisha haraka hata ukianza chini, na hapo kuwahi ni kila kitu, maana wimbi la kuajiri likianza mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kuwa watu mia kadhaa mbele yako. Mwaka 2022 na 2023 mashirika makubwa ya Marekani yaliajiri zaidi ya marubani 10,000 kila mwaka, na aliyeingia mwanzo wa wimbi na aliyeingia mwisho wataona tofauti hiyo kwenye ratiba zao hadi wastaafu.

Umri unabadilisha hesabu. Wa miaka 30 ana 35 mbele, anaweza kuanza upya na bado akafika. Wa miaka 52 mwenye namba ya kati kwenye shirika lenye afya, kuanza upya ni karibu sawa na kukubali hatakuwa kapteni wa ndege kubwa tena.

Hata hivyo hesabu ya wastaafu inaweza kuvurugwa na sheria. Desemba 2007 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 60 hadi 65 kwa siku moja, na watu waliokuwa wanasubiri nafasi zifunguke wakasubiri miaka 5 zaidi. United ilikuwa imetoa zaidi ya 2,000 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ikawaita, halafu 2008 ikaanza tena kutoa 1,437, kuna watu wamepigwa faloo mara mbili kwenye shirika moja. Kwa hiyo weka nafasi ya makosa kwenye makadirio yako.

Hatua ya 6: wito wa kurudi, kukubali au kuruka

Wito unakuja kwa barua rasmi kwenye anwani iliyoko kwenye faili, na siku za kujibu ni chache. Ukihama nyumba badilisha anwani wiki hiyohiyo, kwa maandishi, na uhifadhi risiti. Barua ikienda anwani ya zamani na muda ukapita, mkataba unaweza kukuhesabu umejiuzulu.

Kuruka zamu maana yake unamwacha wa chini yako arudi kwanza, wewe unabaki nje kwa hiari na namba yako ipo. Inaonekana bure, hasa kama kazi ya sasa inalipa vizuri, ila gharama ziko tatu. Miaka ya mshahara kwa kawaida haitembei. Waliorudi mbele yako wanachukua viti na vituo vinavyotangazwa, na ukirudi wewe ni mkongwe wao ndiyo lakini huwezi kumtoa mtu kwenye kiti alichoshapewa, unasubiri tangazo lijalo. Ya tatu ndo inaniogopesha zaidi: ukiwa nje na kampuni ikaungana na nyingine, unaingia kwenye orodha mpya kama mtu wa nje.

US Airways na America West ziliungana 2005. Msuluhishi George Nicolau alipotoa orodha ya pamoja ya sinioriti Mei 2007, marubani wa US Airways waliokuwa kwenye faloo waliwekwa chini, chini hata ya watu wa America West walioajiriwa miaka mingi baada yao, kwa hoja kwamba siku ya kuungana hao wa America West walikuwa na kazi na hawa hawakuwa nayo. Marubani wa US Airways walikasirika hadi wakabadilisha chama 2008, na mgogoro ukaburuzwa miaka, orodha ya mwisho ya American iliyowameza wote ikaja kutoka 2016. Kabla ya hapo marubani wengi wa TWA iliponunuliwa na American 2001 waliwekwa mkiani mwa orodha, na faloo zilipokuja baada ya Septemba ndo wa kwanza kutoka. Sheria ya McCaskill-Bond ya Desemba 2007 ilizaliwa kutokana na hilo, inataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, ila haisemi mtu wa faloo awekwe wapi.

Kwa hiyo kukiwa na harufu yoyote ya kuungana, kubali wito, rudi, uwe mtu wa ndani siku orodha inapopigwa picha. Kama hakuna harufu hiyo, uko ngazi ya juu, na kazi ya sasa inalipa kweli, kuruka zamu moja kunaeleweka. Jua tu kwamba aliye mwisho wa orodha ya waliotolewa mara nyingi haruhusiwi kuruka kwa sababu hakuna wa kuziba.

Hatua ya 7: ukiwa nje

Haraka haraka. Bima: COBRA, sheria ya kubaki na bima ya afya ya kazini, inakupa hadi miezi 18 kwa gharama ya hadi asilimia 102 ya bei nzima, na una siku 60 za kuamua na inarudi nyuma kufunika kipindi hicho, kwa hiyo linganisha kwanza na bima ya mwenzi wako. Mafao ya ukosefu wa ajira omba wiki ya kwanza. Akiba ya kustaafu ya 401(k) usiiguse, kuitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida kunavuta kodi na faini ya asilimia 10, na kama uliikopa uliza deni linadaiwa lini sasa.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza kiweke hai. Chini ya miaka 40 kinadumu miezi 12, ukishafika 40 ni miezi 6. Mtu anakiacha kife kuokoa hela, halafu wito unakuja na kuna kitu kidogo cha moyo kinahitaji vipimo vya miezi, na siku za kuripoti zinaisha.

Hatua ya 8: siku umerudi

Kabla ya mafunzo ya kurejesha sifa, omba kwa maandishi namba yako ya sinioriti, tarehe ya kuajiriwa iliyoko kwenye mfumo, na ngazi ya mshahara. Hati ya kwanza ya malipo ikitoka, chukua kiwango cha saa na ukilinganishe na jedwali la mkataba. Mifumo ya malipo inakosea watu wa faloo mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa pale barua ya makubaliano ilipowapa miaka ya mshahara baadaye. Orodha mpya ya sinioriti ikitoka kuna dirisha la siku za kulalamika, na malalamiko ya mkataba nayo yana muda wake, ukiuacha upite kosa linakuwa halali. Peleka kwa chama hata kama tofauti ni dola 10 kwa saa, umeshaona hapo juu dola 10 inakuwa nini kwa miaka.

Na kama miaka yako ya mshahara ilisimama, tafuta wenzako wa faloo hiyohiyo mkae pamoja kabla ya mkataba ujao kujadiliwa, andikeni kwa kamati ya majadiliano mkitaka irudishwe, kwa majina na kwa hesabu. Kurudishiwa miaka hiyo kunawezekana kwenye majadiliano, ila huwekwa mezani pale tu ambapo waliopoteza wamejitokeza kuidai, na wewe ukisharudi una kura.